Namba ya Baba

Suruali ya maji ilipasuka mbele za watu, na mama wa wale ndugu wawili wavuvi alijua pale pale kwamba ugomvi uliokuwa umelala umepigwa teke.

Ilikuwa suruali ya mpira ya kuvulia samaki, ile inayompanda mtu mpaka kifuani, mabuti yake yameunganishwa chini, na kanda mbili zinaishikilia mabegani kama nguo ya mtoto mchanga. Marehemu mume wake aliivaa mpaka ikachakaa, akaiziba kwa vipande vya tyubu ya baiskeli mpaka viraka vikawa vingi kuliko suruali yenyewe. Baada ya mazishi mtoto wa kwanza aliitungua ukutani bila kumwuliza mtu, akaivaa. Asubuhi hiyo alikuwa anatoka bwawani na ncha ya wavu mkononi, mpira ukaachia kutoka pajani mpaka gotini, maji yakamwagika kama pipa lililotobolewa. Wanawake waliokuwa wakingoja samaki ukingoni walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Leo Msumari umetoboa nguo," alisema mmoja wao.

Ndivyo alivyoitwa, Msumari, kwa kuwa alikuwa mfupi, mgumu, na akishazama mahali hang'oki. Mdogo wake, aliyekuwa akikokota naye wavu, aliitwa Mlingoti, na hilo halikuhitaji maelezo. Mlingoti hakucheka. Alitema mate majini, akaendelea kukusanya wavu upande wake, na mama aliona kwamba kule kutocheka kulimchoma kaka yake kuliko vicheko vyote vya wale wanawake.

Ndugu hawa hawakuwa wakisemeshana. Wavu wa kukokota unataka watu wawili: mmoja anatembea kwenye kina, maji ya kifua, mwingine anatembea ukingoni, maji ya magoti, na kati yao wavu unalikumba bwawa kama mikono iliyokunjuliwa. Mtu wa kina ndiye mwenye amri. Akisema vuta, unavuta. Akisema legeza, unalegeza. Marehemu alikuwa mtu wa kina. Alipoondoka, Msumari alisema kina ni cha kifungua mimba. Mlingoti akasema kina ni cha mwenye urefu, maji hayaulizi nani alizaliwa kwanza. Waliyasema hayo udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi, na tangu siku hiyo walivua midomo imefungwa, wakizungumza kwa kamba: mtikiso mmoja vuta, miwili legeza. Neno lililokosa mtikiso wake lilipitia kwa mama.

*

"Akiba ipo," mama alisema alasiri ile, wakiwa chumbani. "Inatosha suruali moja ya kifuani na jozi moja ya mabuti ya mapajani. Basi. Baada ya hapo tunakula tutakachovua."

"Mwambie mwanao mabuti ya mapajani ndiyo yake," alisema Mlingoti, ambaye alisimama mlangoni kwa sababu ndani ya chumba kile ilimlazimu kuinama. "Yeye akivaa ya mapajani, tayari yanamfika kifuani."

"Mwambie mwanao urefu si cheo," alisema Msumari. "Ngazi ni ndefu, na kazi yake ni kukanyagwa."

"Wote wawili ni wanangu na wote wawili mna masikio. Mimi si simu."

"Basi nipe nusu yangu ya wavu," Mlingoti alimwambia. "Nitashuka mtoni, kule chini kwenye mawe. Kuna samaki na hakuna mtu wa kunitikisia kamba kama mbuzi."

"Nusu ya wavu ni chandarua. Ukiitaka, kaitundike kitandani kwako."

Aliitamka kwa ukali ili isisikike hofu iliyokuwa ndani yake. Wavu ule ulikuwa ndio nyumba. Ukiukata mara mbili, kila nusu ni fupi mno kuzungushia samaki hata mmoja mwenye akili. Wanapita pembeni wakikucheka. Ukiwa mzima, unawalisha watu wasiopendana. Alikuwa amehesabu hivyo usiku na mchana na hakuona hesabu nyingine: wavu usikatwe, hata kama wenyewe watatafunana.

Shangazi yao aliingia hodi ikiwa bado mdomoni. Alikuwa dada wa marehemu, nyumba yake ilipakana na hii, na masikio yake hayakujua ukuta. Alikaa kwenye kiti pekee kilichokuwapo.

"Wifi, nasikia mnanunua suruali. Kina ni cha mtoto wa kwanza. Kaka yangu angesema hivyo hivyo."

"Kaka yako alisema mengi, lakini hilo sikulisikia."

"Hakulisema kwa sababu hakujua kama nyumbani kwake kuna wa kulibishia." Alimtupia jicho Mlingoti, kisha akaliteremsha mpaka miguuni kwa mama. "Na hayo malapa ya marehemu utayavua lini? Watu wanasema."

"Yananitosha."

"Ndiyo aibu yenyewe. Siku ile kaka yangu amekuleta, mimi nilimwuliza: umeoa mke au umenunua mtumbwi, mbona amekuja na makasia miguuni?"

Msumari alicheka kidogo, kwa kuwa shangazi alikuwa upande wake. Mama aliisogeza miguu chini ya ukingo wa mkeka. Alikuwa ameuzoea utani huo miaka mingi, kama mtu anavyozoea jino linalouma: halimzuii kula, ila anatafunia upande mwingine.

*

Walikwenda dukani wakitembea pande mbili za barabara, mama katikati kama mpaka wa nchi mbili.

Duka lilinuka mpira na mafuta. Suruali za maji zilitundikwa darini kwa kanda zake, miguu ikining'inia, na mtu akipita chini zilimpapasa kichwani. Mwenye duka alikuwa mwanamke mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni, na hakuwa na haraka na mtu.

"Ya nani?" aliuliza.

Kila ndugu aligeukia rafu yake.

"Ya nyumbani," alisema mama.

"Nyumba haina miguu, mama. Niambieni atakayevaa, na anavulia wapi. Matope, mchanga au mawe?"

"Matope," alisema Msumari.

"Mawe," alisema Mlingoti, wakati huo huo.

Mwenye duka aliwatazama, akavaa miwani, akawatazama tena. "Suruali moja, maji mawili. Haya. Kama ni matope ya bwawani, mnataka hii: buti limeshonwa na suruali, soli ya mpira yenye meno. Meno yanauma tope, na buti likiwa limeungana, mchanga na takataka haziingii. Ubaya wake ni mzito kutembelea mbali. Kama ni mtoni kwenye mawe, unachukua suruali yenye soksi ya mpira, halafu buti lake mbali, la kufunga kamba, likubane kifundo." Aligeuza buti moja, akaonyesha soli yenye kitambaa kinene kama zulia. "Zulia hili linashika jiwe lenye utelezi kama ulimi wa ng'ombe. Lipeleke kwenye tope, utacheza ngoma bila kualikwa."

"Matope," alisema mama. "Bwawani. Mtu wa kina."

"Ndiye yupi?"

Mlingoti alitazama dari, ambayo haikuwa mbali naye. Msumari alikwishajitokeza mbele. Mwenye duka alimpima kwa macho, akaenda kwenye kona ya nyuma, akarudi na suruali ya rangi ya kijani iliyokolea.

"Hii itakukaa."

Msumari aliigusa, akaangalia ilikotoka. Juu ya kona ile palikuwa na picha ya mwanamke anayetabasamu ameshika samaki. "Umeitoa kwa wanawake."

"Nimeitoa kwenye namba yako. Mpira haujui mwanamume."

"Nataka namba ya baba," alisema Msumari, akaitaja.

"Baba yuko wapi tumpime?"

"Amefariki."

"Pole. Lakini hawezi kukuvalia."

Aliivaa namba ya baba. Kifua cha suruali kilimfika kidevuni, na magotini mpira ulikunjamana kama shingo ya kobe. Mwenye duka alimwambia achuchumae; akachuchumaa, suruali ikabaki imesimama. Akamwambia ainue goti kama anayepanda ngazi; mguu ukapanda, buti likachelewa. Mteja mmoja aliyekuwa akichagua ndoana aliweka ndoana chini ili atazame vizuri.

"Kijana, hiyo hujaivaa, umeingia gunia," alisema mwenye duka. "Buti linataka nafasi ya soksi nzito, si nafasi ya mpangaji."

"Nitavaa soksi mbili."

"Soksi zinajaza buti. Hazijazi mtu."

Hapo Mlingoti, bado anaitazama dari, alisema polepole, "Mama, mwambie mwanao kaburi la baba nalo ni la namba yake. Akalijaribu."

Msumari alimrukia akiwa ndani ya gunia lake, akajikwaa kwa miguu yake mwenyewe, akashika rafu ya soksi, rafu ikaja naye. Mteja wa ndoana alicheka waziwazi. Mama alifungua pochi. Hakufanya hivyo kwa hekima, na baadaye hakujidanganya kwamba ilikuwa hekima. Alitaka tu kutoka mahali pale kabla watu wa barabarani hawajaanza kuchungulia.

"Tupe hiyo," alisema. "Namba ya baba. Na mabuti ya mapajani kwa huyu mrefu."

Mlingoti alichagua mabuti ya mapajani yenye soli ya zulia. Mama alimwona. Alielewa kwamba mwanawe alikuwa akinunua mto wakati yeye analipia bwawa, lakini alihesabu noti, akalipa.

Mwenye duka aliifunga suruali, kisha akamkabidhi Msumari mkanda mpana wenye kifungo cha plastiki. "Huu si urembo. Unaufunga kiunoni, nje, ukubane. Ukianguka, ndio unaozuia maji yasikujae miguuni." Alipokuwa akirudisha chenji, macho yake yalishuka kwenye malapa ya mama. "Na wewe mama, kusema kweli, wewe ndiye ungeivaa hii ikakaa."

Wanawe wawili, ambao hawakukubaliana jambo lolote duniani, waligeuza nyuso zao kwa pamoja. Mama alikunja vidole vya miguu ndani ya malapa, akatangulia kutoka.

*

Marehemu alikuwa na desturi moja. Hakushika kamba ya wavu kwa mkono. Aliifunga kiunoni, mikono ibaki huru kupapasa visiki vilivyojaa chini ya bwawa lile. Ila hakuifunga kwenye mkanda. Aliifunga kwa kipande cha uzi wa katani, na kila msimu alimsumbua mkewe amtafutie. "Nipe uliochoka," alikuwa akisema. Akipewa uzi mpya anaukataa, na mke akamwita bahili, na wakagombana.

Msumari alikuwa ameona kamba kiunoni mwa baba yake tangu utotoni. Uzi hakuwa ameuona. Asubuhi ya kwanza ya suruali mpya aliufunga ule mkanda mpana ukambana, akaikaza kamba ya wavu juu ya mkanda huo huo kwa fundo la kufungia ng'ombe, akaingia majini kifua mbele.

Mama alikaa ukingoni na beseni lake. Aliwaona wakitembea sambamba, mmoja ndani, mmoja nje. Msumari alikokota miguu kama mtu aliyevaa ndoo. Mlingoti aliteleza kila hatua, zulia lake likicheza kwenye tope, na kila alipoteleza alimtazama kaka yake kwa chuki, kana kwamba ni yeye aliyelainisha dunia.

Kisha katikati ya wavu maboya yalisimama. Mama alijua hicho ni kisiki. Kilichotakiwa ni mtu wa kina aseme legeza, na wa ukingoni alegeze, basi. Msumari alitikisa kamba mara mbili. Lakini wavu ulikuwa umenaswa, na mtikiso uliomfikia Mlingoti haukuwa miwili wala mmoja. Ulikuwa mvuto mrefu wa hasira. Akajibu hasira kwa hasira. Akavuta.

Wavu ulikaza ukawa kama mlingoti uliolazwa juu ya maji. Msumari alivutwa kiuno kwanza. Akataka kupiga hatua, mguu ukapanda, buti likabaki kwenye tope. Akaanguka chali, akajigeuza, na alipojigeuza ncha ya wavu ikamzonga mabegani. Kichwa kilitoka, kikaingia, kikatoka.

"Mama," aliita.

Ndugu yake alikuwa mbele ya macho yake, hatua chache tu, na hakumwita. Aliita mama.

"Fungua fundo," mama alipiga kelele, na neno likiwa bado linatoka aliuona uzi wa katani mbele yake, uzi uliochoka, uzi ambao mtu mzima mwenye nguvu angeukata kwa kuupumulia. Mume wake hakuwa bahili. Alitaka kitu kinachojua kukatika. Na yeye aliyeutafuta uzi ule miaka yote hakuwa amewahi kuuliza, kwa hiyo hakuwa amewaambia wanawe.

Mlingoti alikuwa akija kwa kuufuata wavu, mkono mmoja juu ya maboya, kisu cha samaki meno yameking'ata. Mabuti yake yalijaa maji. Akalipiga moja teke likatoka. Alifika kwenye kisiki. Kutoka pale mpaka kwa kaka yake wavu ulikuwa umekaza, na ndio uliokuwa ukimshikilia chini. Akatoa kisu mdomoni. Akageuka kumtazama mama yake.

"Mama, ni wavu," alisema.

"Kata."

"Mama—"

"Nimesema kata."

Akakata. Kamba ya juu, macho ya wavu, kamba ya chini yenye vyuma. Ulichanika kwa sauti ndogo isiyolingana na hasara yenyewe. Msumari akaibuka kama boya.

*

Nusu mbili za wavu zilianikwa uani, moja kwenye uzio huu, nyingine kwenye uzio ule. Msumari alikaa kwenye ngazi ya mlango amejifunika blanketi, macho mekundu, akikohoa maji ya bwawa. Shangazi alikuwa amekwisha kufika.

"Kaka yangu aliacha wavu mmoja," alisema. "Mmoja. Hata arubaini yake haijaisha."

Msumari aliinuka, akaenda kwenye uzio wa kwanza, akashika pale palipokatwa. Akaenda kwenye uzio wa pili. Alipima kwa mikono, kutoka ncha hadi ncha.

"Mama, mwambie mwanao ahsante," alisema. "Katikati kabisa. Hata fundi cherehani asingepata hivi. Alisema anataka nusu yake, ameipata. Alikuwa anangoja sababu tu, nami nimempa."

Mlingoti alikuwa akikamua suruali yake. Mikono yake ilisimama.

"Ndipo kisiki kilipokuwa," alisema, na alimwambia mama. "Mwambie nilikata kisiki kilipokuwa."

"Na kisiki nacho kilijua hesabu," alisema shangazi.

"Sitaki hata boya," alisema Mlingoti. "Achukue zote mbili. Ajishonee sanda. Kesho nashuka mtoni, na wavu wake asije kunitafuta nao."

Mama alikuwa akimsikiliza kila mmoja hadi mwisho. Alitarajia kulia, na hakulia. Kilichomjia kilikuwa hasira safi, isiyo na machozi wala huruma ndani yake, na ilimpa nguvu kama chakula. Alikuwa ameufunga mdomo wake ili wavu usikatwe. Sasa umekatwa. Basi mdomo ulikuwa unalinda nini?

"Mimi ndiye niliyesema kata," alimwambia Msumari. "Kama unataka kumchukia mtu kwa kuwa hai, nichukie mimi. Na wewe mrefu, kaka yako alitikisa mara mbili na wewe ukavuta. Usijifanye mkombozi, uliyemtoa ndiye uliyemzamisha. Nilinunua suruali ya maiti kwa ajili ya mmoja na mabuti ya mto ambao hatuvui kwa ajili ya mwingine, kwa sababu niliona aibu mbele ya muuza soksi. Leo aibu imeniisha."

Suruali ya maji ilikuwa imetundikwa kichwa chini ikichuruzika. Aliitungua. Akayavua malapa, akayapanga vizuri kando ya mlango. Akaingiza mguu wa kulia, kisha wa kushoto, akavuta kanda mabegani. Akachuchumaa, suruali ikachuchumaa naye. Akainua goti kama anayepanda ngazi. Buti likapanda pamoja na mguu, kisigino kimekaa mahali pake.

Kikohozi cha Msumari kilikatika.

"Wifi," shangazi alisema, "utakwenda na hiyo mbele za watu?"

"Umesema mwenyewe nilikuja na makasia. Unadhani makasia ni ya kutandika kitandani?"

*

Walishona wavu siku mbili, kila ndugu akianzia upande wake, wamepeana migongo, mama kati yao akiwapa uzi. Uzi uliopatikana ulikuwa wa rangi nyingine, kwa hiyo mshono ulibaki unaonekana, mstari wa kijani katikati ya wavu mweusi. Mlingoti hakushuka mtoni. Hakueleza kwa nini, na mama hakumwuliza. Alimwekea chakula, akala. Buti lake lililosalia lilikaa uani bila mwenyewe, kuku akaanza kulizoea.

Wanawake wa ukingoni walipomwona anakuja na suruali ya kifuani, mkanda kiunoni, mmoja alifungua mdomo. Mama alimtazama. Mdomo ukajifunga wenyewe.

"Kina ni changu," aliwaambia wanawe. "Nyinyi wawili mnashika kamba ya ukingoni, kamba moja, mikono minne. Sitaki mitikiso. Mimi mzee, sisikii kwa kiuno. Kisiki kikinasa, mwenye kukiona aseme kwa mdomo aliopewa. Asiyetaka kusema aende zake, na nusu yake aje kuichukua pale nitakapokuwa, maji ya kifua."

Alitoa kipande cha uzi wa katani, akakivuta kidogo kujaribu, kikalia kama kinataka kuachia. Akaunganisha nacho kamba ya wavu na mkanda. Kisha akaingia majini.

Maji yalikuwa baridi lakini hayakumgusa. Yaliubana mpira miguuni, kiunoni, tumboni, na soli zikauma tope, zikaachia, zikauma tena. Alipapasa mbele kwa mikono. Nyuma yake, ukingoni, wanawe walitembea miguu mitupu, bega moja likiwa juu ya kichwa cha mwenzake, wakiishika kamba kama watu wanaoshika nyoka: kila mmoja anaogopa kuachia na hapendi kushika. Walivuta, mmoja mapema, mwingine akachelewa. Wavu ulikwenda upande. Msumari aliguna. Mlingoti aliguna zaidi.

"Vuteni," alisema mama.

Wakavuta. Mstari wa kijani ulipita juu ya maji, ukashikilia. Maboya yalikwenda vizuri, yakaenda, kisha katikati boya moja likainamisha kichwa, na la pili yake likainama.

Mama aliliona. Kiunoni uzi wa katani ulianza kulia. Angeweza kusema. Alinyamaza, akasimama na tope lake, akangoja.

Ukingoni Mlingoti alikuwa bado anavuta, amegeukia pembeni, hajaona. Msumari ameona. Alimtazama mama yake kule ndani, maji yakimpanda kifuani, akafungua mdomo kumwita, na akaona kwamba mama anamtazama yeye na hatajibu.

"Legeza," Msumari alisema kumwelekea ndugu yake. Sauti ilikwaruza kama bawaba iliyoota kutu. "Legeza, mbwa wewe, unamzamisha."

Mlingoti akalegeza.

"Mbwa mwenyewe," alisema. "Ungesema mapema."

Maboya yaliinua vichwa, moja, kisha la pili. Mama hakugeuka. Alisogeza mguu wa kulia, akautafuta ukingo wa kisiki kwa ncha ya buti, akakizunguka.

"Vuteni," alisema.